Pishi ya Bwana Mwavuli

Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, mwezi ishirini na sita Ramadhani. Mvua nyembamba ilianza alfajiri, haina upepo, na joto halikupungua hata kidogo. Kuta za nyumba zilikuwa zikitoka jasho kama watu.

Siku hiyo ndiyo niliyoifunga pishi yetu ya kupimia mchele kwenye kanga nikaipeleka darasani. Natamani niseme kwamba moyo wangu ulinionya. Haukunionya. Nilikwenda nikijivuna.

Nyumba yetu, nje kidogo ya Konde, watu wanaiita nyumba ya pishi. Kila mwaka, mwezi ishirini na nane Ramadhani, nyumba saba za jirani huleta mchele wao barazani kwetu ukapimwa fitri, sadaka ya kumaliza mfungo, pishi moja kwa kila roho, kisha wanaostahiki huja kuchukua. Hakuna anayeamini kopo la dukani wakati pishi yetu ipo. Ni ya bati nene, ina mikanda miwili ya shaba, na ubavuni ina muhuri wa taji la Mfalme wa Kiingereza. Watu huligusa lile taji kwa kidole na kusema, "Hii ndiyo pishi ya haki."

Ilitoka kwa Mzungu mmoja wa zamani. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Wazee walimwita Bwana Mwavuli, kwa sababu hakutoka nje bila mwavuli mweusi, mvua au jua. Alijenga ghala ufukweni, akinunua karafuu na magome ya mikoko kwa watu wetu, na kuwauzia mchele, nguo za merikani na mafuta ya taa. Babu yangu mzaa mama, Bakar, alikuwa mpimaji wake. Ghalani kulikuwa na pishi mbili zinazofanana kama pacha, moja ya kununulia karafuu na moja ya kuuzia mchele. Mzungu alipofunga ghala akarudi kwao, ya karafuu aliondoka nayo. Ya mchele alimwachia babu kama zawadi.

Kuna jambo jengine lazima nilitaje, kwa sababu ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Msimu mmoja mtu aliyeitwa Nyange alisimama mlangoni pa ghala akasema mbele ya watu kwamba pishi ya mchele inapunja. Mzungu akamwita mpimaji wake. Babu yangu akashika Msahafu akaapa kwamba pishi imetimia. Nyange alifukuzwa, akakatazwa kuuza na kununua pale, na tangu siku hiyo akaitwa Nyange Mzushi. Alikufa na jina hilo. Mjukuu wake, Masika, ni mjane mwenye watoto wanne, anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu, na mpaka leo kwenye harusi utasikia, "Masika yupi? Yule wa Mzushi?" Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Mungu anisamehe.

Darasa letu la watu wazima hukaa skuli, jioni. Ramadhani tunalitanguliza, tunaanza mara tu baada ya sala ya alasiri. Mwalimu wetu, Ashraf, ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini ana subira. Somo la siku hiyo lilikuwa ujazo, na alitwambia kila mtu alete chombo cha kupimia. Wengine walileta vikombe, mmoja akaja na ndoo iliyovunjika mkono. Mimi nikafungua kanga.

"Alaa!" akasema Ashraf. "Hii ndiyo yenyewe, Bi Mwanapili?"

"Ndiyo, mwalimu. Litazame taji."

"Ipime kwa adabu," akadakia Bi Zuweina, shoga yangu tunayekaa naye benchi moja. "Hiyo pishi imetupimia fitri toka weye hujawazwa. Usije ukaiuliza cheti cha kuzaliwa."

Watu wakacheka. Ashraf akachukua rula, akaipima kimo kwa nje. Sentimita kumi na sita. Akaandika ubaoni. Kisha akatumbukiza rula ndani. Akaitazama, akaitoa, akaifuta, akaitumbukiza tena.

"Kumi na tatu," akasema.

"Kumi na sita," nikamsahihisha.

"Nje kumi na sita, bi mkubwa. Ndani kumi na tatu." Akaigonga ubavuni kwa juu, ikatoa sauti nzito. Akaigonga chini, karibu na kitako, ikalia kama ngoma. "Bi Mwanapili, pishi yako ni ya ghorofa! Ina chumba chini."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini kicheko kilinikatikia njiani. Ashraf aliinamisha pishi kuelekea dirishani, na mwanga ulipoingia nikaona kile ambacho sikuwahi kukiona miaka yote ya kuiosha na kuikausha: duara la bati lililolehemiwa kwa ndani, kitako cha pili juu ya kitako cha kwanza. Na kuzunguka ukingo wake, mikwaruzo mingi midogo ya ncha ya kisu. Kuna mtu aliwahi kujaribu kuking'oa.

Ashraf alipiga hesabu polepole ili tumfuate. Pishi kamili ya namna ile ingechukua lita tatu. Ile ilichukua chini ya lita mbili na nusu. Aliponitazama usoni akaacha utani. "Ni chombo cha biashara za zamani, bi mkubwa. Huenda..." Nikamwomba aniazime jagi lake lenye mstari wa nusu lita. Akanipa bila ya kuniuliza la nini.

Njiani Zuweina alinishika mkono. "Sikiliza, mwenzangu. Hii ni siri ya darasani. Wale wengine wameona mchezo tu, washasahau. Weye nenda nyumbani, itie hiyo pishi kabatini, useme imetoboka."

"Na fitri za miaka yote, Zuweina?"

"Zishaliwa! Utazitapisha?" Kisha akanong'ona, na nikasikia kwamba naye anaogopa. "Na mie nina roho sita nyumbani. Saumu zangu nazo zimepunjwa? Usinambie. Sitaki kujua."

Nyumbani niliiweka pishi mkekani, nikakaa mbele yake. Mvua ilikuwa imerudi, matone yalikuwa yanagonga bati la jikoni. Nikamkumbuka mama.

Mama yangu, Bi Moza, ndiye aliyepima fitri mpaka mwaka aliofariki. Alikuwa na desturi yake. Akishaijaza pishi, kuisawazisha kwa kijiti na kuimimina kapuni, alikuwa akiunganisha mikono miwili, akachota kwenye gunia la mwenye mchele na kuongeza juu ya kapu. Mara tatu kwa kila pishi, huku midomo yake ikisoma. Watu waliviita viganja vya Bi Moza. Wengine walinung'unika, kwa sababu mchele ulikuwa wao, lakini nani angemkatalia mtu mzima kama yule? Siku aliyokata roho hakusema mengi. Alisema, "Viganja, mwanangu. Usiviache viganja." Nikamwitikia, "Sawa, mama," kama unavyomwitikia mgonjwa.

Ramadhani ya kwanza baada yake nilikaa mimi barazani. Jirani mmoja akauliza, "Na mwaka huu utatuchotea viganja?" Nami nilikuwa nimeanza kuipenda dini kwa ukali, naogopa kila jambo lisilo na maandiko. Nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie: "Pishi ni pishi. Aliyeongeza kaongeza mambo yake." Wakafurahi. Nikajiona nimesimamisha haki.

Sasa niliunganisha mikono yangu miwili. Nikachota mchele kwenye debe, nikautia katika jagi la mwalimu. Kiganja cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mchele ukaupita kidogo mstari wa nusu lita.

Kile kile kilichopungua. Mama alikuwa akijua.

Alikuwa akijua, na mikwaruzo ile ilikuwa ya kisu chake. Alijaribu kuking'oa akashindwa, au aliogopa kumaliza, kwa sababu mwenye kiapo alikuwa baba yake. Basi akaibeba siri miaka yote kwa mikono yake miwili, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikaiangusha. Miaka tisa.

Ipo sura moja inayowaonya wanaopunja vipimo. Niliihifadhi chuoni nikiwa na miaka minane, na huisoma mara kwa mara katika sala. Sala ya magharibi nilipoianza, ulimi wenyewe ulikwenda kwenye sura hiyo. Nikapotewa na rakaa, nikaanza upya, nikapotewa tena. Nikaifunika pishi kwa kanga nikaigeuzia ukutani. Hata ilipofunikwa niliona kama ina mdomo na unangoja kusema.

Hofu yangu haikuwa moja. Nilimwogopa Mungu, hilo halina maneno. Nilimwogopa babu, kaburini mwake, na kile alichokiapia. Na nitasema ukweli kwa sababu nimefunga: niliwaogopa watu. Niliogopa siku nitakayopita njiani na watoto wakasema, "Yule wa Mpunjaji." Ilipokaribia alfajiri nilikuwa nimeshapata njia. Nitarudisha viganja vya mama. Nitasema nimeota ndoto, nimeusiwa. Nitanyamaza, kama yeye alivyonyamaza. Nikaona nimepata nafuu, nikala daku vizuri.

Ijumaa asubuhi Masika akapiga hodi. Alikuwa ameshika fungu la kisamvu.

"Bi Mwanapili, nimekuletea mboga ya futari. Na nna ombi, usinione sina haya. Kesho naomba nije mapema, kabla ya wenzangu. Mwanangu mdogo homa haijamwacha."

"Njoo wakati wowote, Masika."

Hakuondoka. Alikuwa akizungusha ncha ya buibui kidoleni. "Nna jambo nataka kukuuliza, usinicheke. Enzi za Bi Moza, Mungu amrehemu, mchele wa fitri ulikuwa ukitufikisha siku kumi na mbili. Ikaja ikawa haufiki hata kumi. Mie nikasema, watoto wamekuwa walafi. Nikawapunguzia sahani. Nikampiga yule mkubwa, nikamwambia anaiba mchele usiku." Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Akaniapia hajagusa. Nikamwambia, uzushi huo kakurithisha babu yako. Sasa kakua, kahamia Wete, haji. Nikawa najiuliza, labda mchele wa siku hizi ni mwepesi?"

Nilishika mwimo wa mlango. Nilitaka kumwambia ndiyo, mchele wa siku hizi ni mwepesi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake nilinyoosha mikono. Nilipokea kisamvu chake, mimi niliyempunja, na akaniombea dua akaenda zake.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimngoja Shehe Nassor nje ya msikiti, upande wa wanawake. Ni mtu wa maneno machache, na nilikuwa natumai ataniambia ninyamaze. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha uso. Akaviteremsha viatu vyake chini kabla ya kunijibu.

"Waliotoa bila kujua," akasema, "tunataraji Mungu amewapokelea. Rehema yake ni pana. Lakini kilichopungua ni haki ya maskini, na weye sasa unajua."

"Nitakirudisha, shehe. Kimya kimya. Mungu si ni msitiri?"

"Ni msitiri. Mchele unaweza kuurudisha kimya kimya." Akavaa kiatu kimoja, akasimama nacho hivyo hivyo. "Yule aliyeitwa mwongo mbele ya watu, jina lake utalirudisha vipi kimya kimya?"

"Babu yangu yuko kaburini, shehe. Nimfedheheshe?"

"Weye ndiye uliyebaki wa kumtua mzigo, binti yangu. Yeye hana tena mikono. Fanya utakaloweza kulisimamia mbele ya Mola wako." Akavaa kiatu cha pili. "Kesho nikiitwa, nitakuja."

Jumamosi, mwezi ishirini na nane, mvua haikunyesha. Nyumba saba zilileta mchele wao. Barazani palijaa, wanawake mkekani, wanaume wachache ukutani, Shehe Nassor kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Masika alikuja mapema kama alivyosema, na akakaa ukingoni kabisa, anapokaa siku zote. Nilitoka na pishi mikononi. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Nikasita kizingitini, na niliona watu wanaona.

"Bi Mwanapili, unaumwa?" mtu akauliza.

"Leo hatupimi kwa hii," nikasema.

Kukawa na mnong'ono. "Imetoboka?" "Basi tutapimaje?" "Saa hizi tukatafute kopo wapi?"

Ndipo Zuweina akanyanyuka. Nikajua atanikatiza, atasema imetoboka, atanisitiri kwa nguvu. Akaja mpaka nilipo, akaingiza mkono chini ya buibui, akatoa patasi na nyundo ya marehemu mumewe.

"Unanitazama nini?" akanambia kwa sauti ya chini. "Sikulala siku mbili kwa ajili yako. Ukijiaibisha, usijiaibishe peke yako. Shika hapo, nikugongee."

Nikaweka pishi sakafuni. Nikaishika patasi pale pale kwenye mikwaruzo ya kisu cha mama, na Zuweina akagonga. Mara ya tano lehemu ikaachia. Duara la bati likainuka upande mmoja kama mfuniko, na chini yake palikuwa na nafasi tupu ya vidole viwili. Hamkuwa na kitu ndani. Vumbi jekundu la kutu, basi. Nikainamisha pishi wote wakaona, nikaizungusha kwa kila mtu, mkono kwa mkono. Hakuna aliyeligusa taji.

Nikawaambia. Niliwaambia habari ya Bwana Mwavuli na pishi zake mbili, kiapo cha babu, viganja vya mama na kwa nini alivichota, na maneno yangu ya miaka tisa iliyopita. Mama mmoja akaanza kulia. Mwengine akasema kwa hasira, "Na mlikuwa mkituita nyumba nzima tuje tuguse taji!" Alikuwa na haki.

Masika hakulia. Alinyanyuka pale ukingoni, akapita katikati ya watu, akakaa mbele yangu. Macho yake yalinitisha kuliko kelele zote.

"Kwa hivyo mwanangu hakuiba," akasema.

"Hakuiba."

"Na babu yangu hakuzua."

"Hakuzua, Masika."

Akageuka akawatazama watu. Kisha akasema, "Usininong'oneze mie. Masikio yangu yamezoea jina jengine mbele ya watu. Simama, useme."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu Alhamisi ile ile, kwa kalamu yangu, kama nilivyofundishwa: viganja vitatu, mara roho za nyumba saba, mara miaka tisa. Yanatoka magunia matatu ya mchele na zaidi kidogo. Nina mikarafuu michache ya urithi, ile ile aliyoipanda babu. Nilisimama. Shehe Nassor akasimama naye, na wanaume wa ukutani wakasimama. Nikasoma bismillahi mara mbili.

"Mimi Mwanapili, binti wa Bi Moza, mjukuu wa Bakar aliyekuwa mpimaji wa ghala la Mzungu, nasema mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote: Nyange alisema kweli, na babu yangu aliapa uongo. Naahidi, msimu wa karafuu ukifika, magunia matatu ya mchele yatatoka nyumbani kwangu kwenda kwa wale wale waliopunjwa, na nyumba ya Masika ndiyo ya mwanzo. Naahidi nitakwenda Wete mwenyewe, kwa miguu yangu, nimwambie mtoto wake kwamba hakuiba. Na naahidi kwamba kuanzia leo, yeyote atakayemwita Nyange Mzushi nami nipo, kama ni arusini, kama ni matangani, nitasimama mbele ya watu kama nilivyosimama hapa niyaseme haya tena, mpaka siku nitakayokufa."